Nakala ya Ofisini

Melakulam, 3 Mei 1927

Mdogo wangu Thangavel,

Salamu zangu na za shemeji yako Sudalai. Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Tumbo lako vipi? Bado unakula kwa yule mama anayetia pilipili kama analipiza kisasi? Anayeniandikia ni Mwalimu Yesudasan kama kawaida, na baraza imejaa watu wanaosikiliza, kwa hiyo leo sikutukani.

Bwawa limekauka, ni wakati wa kuchimba udongo. Lakini Sankaralingam, mwenye mashamba ya chini ya bwawa, ameweka walinzi. Anasema udongo ni wake na mfinyanzi atakayeugusa ni mwizi. Sisi ni nyumba kumi na moja. Tusipochimba kabla ya mvua hatutakuwa na chungu hata kimoja cha kuuza kwenye sikukuu ya Pongal, na Pongal ndiyo inayotulisha mwaka mzima.

Unamkumbuka yule Kolekta, mkuu wa wilaya, aliyepiga hema ukingoni mwa bwawa? Baba alisimama mbele yake akitetemeka mpaka kilemba kikamdondoka. Yule mzungu aliandika amri kwamba wafinyanzi wasizuiwe kuchukua udongo. Nakala yetu imeliwa na mchwa. Nyingine iko ofisini kwenu kwa Kolekta, na wewe ndiye karani wa chumba cha majalada. Sudalai anawaambia watu, "Shemeji yangu anailalia hiyo karatasi." Itume.

Dada yako,
Pechi

21 Mei 1927

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na tumbo limetulia. Nafurahi kusikia nyote hamjambo.

Kuhusu karatasi, nitatafuta. Majalada yamefungwa vitambaa vyekundu na kupangwa mpaka darini, mengine hayajafunguliwa tangu tukiwa watoto. Kwa sasa mwambie shemeji asiguse udongo. Pataneni na Sankaralingam, hata kwa kumpelekea vyungu vichache.

Mdogo wako,
Thangavel

Melakulam, 12 Juni 1927

Mdogo wangu,

Habari za huko? Huku si nzuri. Tupatane naye? Shukuru baba hayupo kusikia.

Sudalai alichimba vikapu vinne mchana kweupe, na polisi wakamchukua. Hakimu wa tarafa alimwambia akubali kosa, alipe faini ndogo, aende zake. Unamjua shemeji yako. Akasema, "Mimi si mwizi, bwana. Kuna amri ya Kolekta, na ndugu wa mke wangu anaileta." Mahakama nzima ilicheka isipokuwa hakimu. Ameahirisha kesi mpaka tarehe ishirini na saba.

Kama karatasi haionekani, njoo mwenyewe. Ulipoanza kazi uliniambia umeiona kwa macho yako, na jina la baba limo. Njoo useme hivyo tu. Wewe ni mtu wa ofisi, watakusikiliza.

Dada yako,
Pechi

20 Juni 1927

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Tuna ukaguzi hapa, karani haruhusiwi kutoka. Bado natafuta. Mwombeni hakimu awaongezee siku.

Mdogo wako,
Thangavel

Melakulam, 29 Juni 1927

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Miezi mitatu, kazi ngumu. Hakimu aliuliza mara mbili kama kuna shahidi. Sudalai akasema yuko njiani.

Dada yako,
Pechi

14 Oktoba 1927

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado unaipokea kutoka kwangu. Nimesikia shemeji ametoka. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, kwa sababu najua itasomwa barazani.

Karatasi haipo. Mwaka wangu wa pili kazini tuliagizwa kupunguza majalada. Kila karatasi huandikwa pembeni itunzwe mwaka mmoja, miaka kumi, au daima. Ile ya baba haikuwa imeandikwa chochote. Nilipaswa kuandika daima, na nilijua hivyo.

Lakini hapa naitwa Thangavel Pillai, jina la tabaka lisilo letu. Nilipoomba kazi nilisema sisi ni watu wa mashamba na hesabu. Na karatasi ilisema wazi, Isakkimuthu, mfinyanzi wa Melakulam. Karani mkuu alikuwa nyuma yangu, na yeye anajua kwamba natoka Melakulam. Akauliza, "Hiyo ya nani?" Nikamjibu, "Mtu tu, bwana." Nikaandika mwaka mmoja. Ikachomwa nyuma ya banda la farasi, na mimi ndiye niliyesukuma majivu kwa fimbo.

Hata bila karatasi ningeweza kuja kusema niliiona. Ningeulizwa jina la baba yangu mbele ya watu. Niliogopa hilo kuliko jela ya shemeji. Namwomba Mwalimu aisome hii kwa sauti, wote wasikie.

Mdogo wako,
Thangavel

Melakulam, 9 Desemba 1927

Mdogo wangu Thangavel,

Salamu. Mimi mzima. Leo barazani ni mimi na Mwalimu tu. Sudalai ana kikohozi alichotoka nacho jela. Mvua imenyesha vizuri, bwawa limejaa, na udongo uko chini ya maji.

Barua yako ilifika baraza ikiwa imejaa. Mwalimu alianza kusoma, akafika kwenye "karatasi haipo", akanyamaza. Akaisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akawaambia, "Anawasalimu wote. Bado anatafuta." Baada ya watu kutawanyika ndipo aliponisomea, polepole, na nikamwomba arudie pale pa "mtu tu".

Ulitaka isomwe kwa sauti ili utue mzigo. Umeutua, nami ndiye niliyeubeba. Siwezi kumwambia Sudalai. Alivunja mawe miezi mitatu kwa jina lako, na mpaka leo anasema kama si ule ukaguzi ungekuja. Wenzetu wanne wamefunga virago kwenda Ceylon kwenye mashamba ya chai. Waliobaki wanamwambia Sankaralingam asubiri, karatasi iko njiani. Jana nimeulizwa tena, nikasema unatafuta. Sasa nami ni mwongo kama wewe.

Mwalimu anasema umemwandikia kwamba umeomba ruhusa uje Pongal kuomba radhi. Usije. Watu wameshakubaliana wakikuona watakuvika shada la maua shingoni kwa heshima.

Dada yako,
Pechi