Mama Alitazama Mlango

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji, pamoja na huyo mpwa wangu ambaye nasikia analia kama ana kesi na dunia nzima. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na kwa maneno bado hashindwi na mtu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Unasema umemtumia Mama picha za mtoto tangu alipozaliwa, lakini kwenye simu anasema tu kwamba ni mzuri, kisha anageuza mazungumzo. Hajauliza hata kafanana na nani. Ukaniuliza kama bado ana kinyongo kwa kuwa uliolewa mbali. Leo nakujibu swali hilo, ila vumilia kwanza habari za kazi yangu, maana jibu limo humo humo.

Pale studio nimechoka kupiga picha watu waliokauka kama nguzo, mikono mapajani. Nikaamua kujifunza kupiga sura kwa pembe tofauti, kamera ikiwa juu, chini, hata ubavuni. Fundi cherehani jirani yangu nilimpiga kutoka chini, akauliza kama nimempiga yeye au matundu ya pua yake. Muuza magazeti nilimpiga kutoka juu, kipara kikameza uso wote. Tangu hapo wakiniona na kamera wanakumbuka shughuli nyumbani, nikabaki na Mama.

Jumapili nilimkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa lile gauni la kijani ulilomshonea. Akalalamika kwamba namzunguka kama nzi na kwamba hakukosea kuniita Kiguu na Njia, lakini alikuwa anatabasamu. Nikienda kushoto, ananifuata kwa macho. Nikienda kulia, ananifuata. Nikajisemea kwamba huyu ndiye anayejua kupigwa picha. Kisha nikavua viatu pale mlangoni, nikarudi na kupanda meza ndogo ili nimpige kutoka juu. Mama akaendelea kuutabasamia mlango. Nikashuka polepole, nikamsogelea mpaka nikaziona kope zake moja moja. Bado anautazama mlango, na sasa ananiuliza kwa sauti kubwa nimekwenda wapi.

Dada, Mama haoni. Muda wote alikuwa akifuata vishindo vya viatu vyangu. Amebakiwa na mwanga na vivuli tu, na nyumba anaijua kwa mikono. Mimi ninayeishi naye, ambaye kazi yangu ni kutazama nyuso za watu, sikujua. Waliosema mganga hajigangi walinijua.

Tulilia kidogo, kisha akanigombeza kwa kupanda meza yake. Akaniapisha nisikuambie, eti una mtoto mchanga na utaacha kila kitu uje mbio. Niliitikia, na sasa navunja ahadi. Akijua atanirushia kandambili, na safari hii nadhani nitapona. Wiki hii nampeleka kwa daktari wa macho. Matumaini yapo, ila sikuahidi kitu.

Kinyongo hana. Picha za mwanao zote ziko chini ya mto wake, zimechakaa kwa kushikwa. Aliniambia kwamba kabla ya kulala huzipapasa, anatafuta pua aone kama ni ya Baba au ya wakwe zako huko, lakini karatasi ni laini kote. Hakukuuliza mtoto kafanana na nani kwa sababu aliogopa utamwambia aangalie picha.

Ndani ya bahasha utakuta picha moja. Niliketi sakafuni mbele ya magoti yake, kama tulivyokuwa tukimtazama tulipokuwa wadogo, nikamwomba anipapase uso huku napiga. Ndiyo maana vidole vimejaa hapo mbele, vikubwa kuliko kichwa chake. Alikuwa anacheka, kagundua kwamba sijanyoa ndevu. Katika picha zote nilizowahi kupiga, sina inayoizidi hiyo.

Kwa hiyo Dada, usitume picha nyingine. Mlete mwenyewe, na pua yake.

Msalimie shemeji sana, umbusu mtoto kwa niaba ya mjomba wake. Mama naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kiguu na Njia