Nafasi Mbili Kiwandani

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Mashine mpya ya kuchapa imeanza kazi, na wafanyakazi wangu sasa ni tisa.

Mabango yenu yote nimeyachapa mimi, kwa hiyo habari za bendi yenu nazijua kwa rula. Mwaka wa kwanza jina lenu lilikuwa na herufi za sentimita nne. Mlipojaza uwanja, gitaa likilia kama msumeno unaokata bati na taa za rangi zikizungusha watu vichwa, herufi zilifika thelathini. Mwezi uliopita promota akaniambia, "Hao warudishe kwenye nne, chini ya mchekeshaji." Nikawarudisha siku hiyo hiyo.

Onyesho la mwisho nilikuja. Tulikuwa watu sitini na mmoja. Ulimaliza ule wimbo wa dakika ishirini, ukamkumbatia mpiga besi, ukasema kwenye maikrofoni, "Huyu ndiye kaka yangu! Bila yeye nisingejua muziki!" Mimi niliyekufundisha kushika gitaa mpaka vidole vikakutoka damu nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

Sasa bendi imekufa, na unaniomba kazi, yako na ya huyo mpiga besi. Unaandika, "Kaka, tusaidie, tumeshazoea kuwa pamoja." Nafasi zipo mbili, sikudanganyi. Jumatatu saa mbili asubuhi njoo uanze.

Njoo peke yako.

Mimi,
kaka yako wa tumbo moja