Mparachichi wa Mpakani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine mpe shemeji. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, cherehani nzima, na paa la chumba cha kushonea halivuji tena.

Ulinikataza kwenda mahakamani, nami nikatia pamba masikioni. Lakini dada, tawi la mparachichi wa Mluzi, yule fundi baiskeli jirani yangu aliyefiwa na mkewe, liliangukia bati zangu, mvua ikalowesha gauni la bibi harusi wa watu! Nilimnunia, salamu nikakata, nikamshtaki. Niliomba mwenye mti aamriwe atengeneze paa na aukate.

Hakimu alikuja kujionea, pamoja na mpima ardhi. Mtaa mzima ukajaa uani. Jiwe la mpaka lilitafutwa wee, hadi wakasogeza rundo la matairi chakavu ya Mluzi. Lilikuwa pale chini, na mti wote uko upande wangu! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hakimu, huku akijikaza asicheke, akaniuliza kama bado naomba mwenye mti aamriwe kuukata. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha kicheko kikanishinda, machozi yakanitoka, nikaifuta kesi.

Kesho yake Mluzi akaja na ngazi na bati. Nikamwambia paa langu halimhusu. Akajibu kwamba miaka yote amekula maparachichi yangu bila hodi, basi amwachie mwenye mti walau paa zima. Akiwa kule juu, bila kunitazama, akasema amesikitika kesi kwisha, maana benchi la mahakama ndipo mahali pekee nilipokubali kukaa karibu naye. Nikamwambia ashuke, maneno hayo hayasemwi juu ya bati. Akashuka mbio, nusura avunjike shingo.

Sasa la moyoni. Gauni lililo kwenye cherehani leo si la mteja. Ni langu, dada! Nina furaha hadi nashona mikono kinyume. Mluzi atakuja kwako kuniposa, kwa kuwa wewe ndiwe mama na baba yangu. Usimhangaishe sana. Akianza kupiga mluzi mbele yako, ujue ni hofu tu. Kumbe miaka yote alipopiga mluzi kila nilipopita, hata mtaa ukamwita hivyo, alikuwa akitafuta ujasiri wa kunisalimia.

Wabusu watoto, na goti lipumzishe, utalihitaji kuchezea ngoma harusini.

Ni mimi mdogo wako,
mshtaki aliyeshindwa.