Mwandiko wa Baba Kwenye Betri

Baba Mtoto,

Maziwa ya mtoto yako kwenye chupa. Mvua ikianza, anua nguo zake.

Betri kongwe ya drili ya marehemu baba yako ~~nimeitupa~~ nimeipeleka duka la vifaa, wanakokusanya zilizokufa. Asubuhi nilikukuta unaipangusa, mtoto magotini pako, mdomo wake karibu na ule unga mweupe uliovuja. Nikapiga kelele, nikaiita takataka. Ukasema, "Mwandiko wa baba umebaki hapa tu," ukatoka bila kunywa chai. Nisamehe, mume wangu. Neno likishatoka halirudi, nalo limenichoma mimi mwenyewe siku nzima.

Lakini kwenye darasa langu la ufundi la jioni tulishafundishwa: betri za aina ile zina kadmiamu, metali yenye sumu. Ukiifukia, inaingia ardhini na kwenye maji, na mwilini inakaa miaka. Nisingeweza kuiacha rafuni, wala kuitia shimo la taka.

Hii mpya niliyokununulia hukohuko dukani ni ya lithiamu. Usingoje iishe kabisa ndipo uichaji, kama baba alivyokuzoesha. Yake ilitaka hivyo. Hii ukiifanyia hivyo utaiua mapema, halafu nayo tuipeleke kulekule dukani.

Ule utepe wa kwenye betri aliokuandikia, "Imalize kwanza, mwanangu," nimeubandua polepole kwa mvuke wa birika. Haukuchanika hata herufi moja. Uko chini ya kikombe chako.

Chai yako sikuimwaga. Nimeifunika.

Mama Mtoto