Kibofu cha paka wa dada

Shoga, naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko tumboni kwa paka wa dada, namkamua mkojo.

Siku mbili nilimwona akichuchumaa bila kutoa kitu. Nikaandika katika daftari langu la kumtunza: amefunga choo. Nikampa mafuta. Mafuta, shoga.

Kumbe njia ya mkojo ndiyo iliyoziba. Daktari wa mifugo amemzibua, lakini kibofu kilijaa mno, kikavutika, sasa msuli wake haujikazi. Huenda ukarudi, huenda usirudi.

“Ungemleta siku ile ya kwanza,” akaniambia taratibu.

Siku ile ya kwanza.

Dada hajui. Ananishukuru kwa kumkimbiza hospitali.

Nikibonyeza, paka ananitazama tu, halii.

Kesho asubuhi tunakamua tena. Dada anataka nimfundishe. Anasema hakuna anayemjua paka wake kama mimi.