Makopo Unayomtumia Baba

Usevya, Mpimbwe,
Mkoa wa Katavi.
9 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nyanzala,

Habari za Mtwara? Joto la huko linakuacha ulale? Na kile kifua cha shemeji Stanslaus kimepoa, au bado anakohoa na kusema ni vumbi? Sisi huku hatujambo. Tumemaliza kuvuna mpunga, mgongo wangu unalalamika, lakini hakuna aliyelazwa.

Uliniomba nikuandikie faida na hasara za kile kinywaji cha unga, chenye ladha ya pasheni, kabla hujamtumia baba makopo mengine. Uliniomba mimi kwa sababu, ulivyosema mwenyewe, sina huruma. Basi nitakuandikia kama ninavyokagua ng'ombe, nikisema nilichokiona tu.

Mwanzoni alikikataa. Binti wa jirani alimsomea maandishi ya kopo, na alipofika kwenye neno vitamini baba akaweka kikombe chini. Unajua kwetu vitamini ni sindano. Tunamchoma ng'ombe aliyekonda ili apate sura kabla ya kuuzwa. Akaniuliza taratibu, "Nyie mnanipeleka mnada gani?" Nilicheka peke yangu. Yeye alikaa siku mbili hacheki.

Siku ya tatu alionja, na tangu hapo hazuiliki. Faida nimeziona. Vidonge vya presha alivyokuwa akivificha chini ya godoro sasa anavimeza na kinywaji hicho bila kukunja uso. Maji, ambayo tangu mama afariki alikuwa akiyanywa kwa kulazimishwa, sasa anayaomba mwenyewe. Hata vidonda vya pembeni mwa mdomo vimekauka, ingawa wifi yako Mariana anasema sifa hizo ni za mchicha wake, na mimi sitaki ugomvi nyumbani.

Ila chakula hali. Ukimwekea ugali na mlenda anamega matonge mawili, anasema ameshiba, kisha anaulizia kikombe. Mkanda wake nimeutoboa tundu jipya. Mariana alijaribu kukoroga unga ule kwenye maziwa ili apate vyote pamoja. Yakakatika mabonge mabonge, na baba akasema hata maziwa yamemkataa mgeni.

Mwezi uliopita nilimpeleka kituo cha afya. Nesi alilisoma kopo, akanionyesha kwamba kitu cha kwanza kilichoandikwa ni sukari, na vitamini ziko mwishoni. Akampima, sukari imepanda. Alisema si ugonjwa bado, lakini vikombe vinne kwa siku kwa mzee asiyekula ni vingi mno, na hizo vitamini angeweza kuzipata kwenye mboga, mayai na matunda tuliyonayo. Niliogopa, Nyanzala, ingawa sikumwonyesha baba.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa tayari: usitume tena. Jana nilimweleza kwamba nitakuandikia hivyo, nikijiandaa kwa mgomo. Hakugoma. Aliligeuzageuza kopo tupu mkononi, ndipo akasema:

"Kinywaji naweza kukiacha, mwanangu. Lakini mwenzio hupiga simu siku kopo likifika, kuuliza kama nimelipata. Asipotuma, atapiga aulize nini?"

Baadaye nilihesabu: tangu mwaka uanze umetuma makopo matano, na umempigia mara tano. Sikulaumu. Mimi ninayekaa naye kila siku sikuliona hilo, na limeniuma.

Wasalimie shemeji na mwanao Suzana. Mwambie nguo yake ya sikukuu fundi ameimaliza. Mariana anakusalimia, na jirani yetu mzee Yotham anasema hajakusahau. Mungu awafunike huko mliko.

Kopo usitume. Piga Jumapili mchana tukitoka kanisani, chakula kikiwa mezani, umuulize amekula nini. Nadhani atakula, ili apate cha kukujibu.

Kaka yako akupendaye, hata kama hasemi,
Mwandu