Meno Mapya, Klarineti ya Kuazima

Jumapili, 9 Februari 1947

Nimepata meno! Ya juu yote, ya bandia. Daktari Fejga alinipa kioo, akasema, "Cheka, Bwana Wajnapel." Nikacheka. Nikamwona marehemu baba kwenye kioo. Nikakirudisha haraka.

Klarineti nimeazima kwa kamati ya kambi hii ya wakimbizi. Ilikuja na masanduku ya msaada kutoka Amerika, hakuna aliyeitaka. Nimepuliza — sauti gani ile! Ng'ambo ya blanketi (chumba kimoja, familia nne, blanketi ndizo kuta) jirani yangu Gitla akauliza nani anachinja bata bukini bila kuwaita majirani. Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi pia. Meno yakanichomoka, yakaangukia shukani.

Jumatano, 12 Februari

Mdomo unavuja damu. Noti nne za chini zinatoka. Za juu hakuna kitu.

Zamani, kabla ya vita, mjini kwetu Zamość, nilikuwa napuliza arusini mpaka wachezaji waombe huruma. Mke wangu Ryfka ananisubiri na supu, binti yetu Estusia kalala na viatu. Sasa kila Jumatano napeleka majina yao ofisini. Karani hupekua orodha za waliopatikana hai, halafu hutikisa kichwa. Leo hakupekua. Alitikisa tu.

Nimerudi nikapuliza saa mbili nzima. Sijui kingine cha kufanya na pumzi hii.

Ijumaa, 14 Februari

Noti tisa!! Hapakuwa na wa kumwambia. Nikaliambia dirisha.

Alhamisi, 20 Februari

Gitla kaja upande wangu wa blanketi, bila hodi kama kawaida yake. Anaolewa! Na Mendel, fundi cherehani. Jumanne.

"Mimi mjane, yeye mjane," akasema. "Tumeona bora tugombane pamoja kuliko kila mtu kugombana na ukuta wake." Anataka klarineti.

Nikamwambia atafute gramafoni.

"Gramafoni haitoki jasho, jirani. Nakutaka wewe."

Ikabidi nimwambie. Kule, kambi ya Wajerumani, wakati wa vita, nilikuwa kwenye bendi ya langoni. Asubuhi watu wanatoka kwenda kuvunja mawe, sisi tunawapigia machi, muziki wa gwaride. Jioni wanarudi wamebeba maiti zao — sisi tunapiga. Kwa hilo nilipata supu ya ziada. Kwa hilo niko hai. Mpaka siku noti moja haikumpendeza askari. Kitako cha bunduki mdomoni, basi.

Gitla akauliza wangapi humu wanajua.

Mmoja. Lajb wa jikoni, naye alikuwa kule. Hunichotea supu bila kunitazama. Siku niliyofika aliniambia mara moja tu: machi zako bado zinanitembeza miguu, nikilala zinanitembeza. Tangu hapo hajanisemesha.

Gitla akainuka, akakung'uta sketi. "Jumanne, saa nane mchana. Unyoe ndevu."

Jumatatu, 24 Februari

Nimenyoa. Nimejikata mara mbili. Noti ya juu kabisa bado inapasuka. Sili leo.

Jumanne, 25 Februari

Naandika kwenye ngazi za nje ya bwalo. Arusi inaendelea ndani.

Gitla kavaa gauni jeupe la kambi — yeye ni bibi arusi wa kumi na mbili kulivaa. Mendel mwenyewe ndiye aliyelipanua kiunoni, akaitukana mishono ya fundi aliyemtangulia. Rabi akasoma. Mendel akakanyaga glasi, kama desturi yetu Wayahudi, ikateleza. Akakanyaga tena, ikavunjika. Kelele, pongezi! Hapo mama wa bibi arusi hucheza kwanza. Hakuna mama. Upande wa bwana arusi nako hakuna mtu. Watu wote wakanitazama mimi.

Nikapuliza. Noti ya juu ikapasuka mbele ya kila mtu. Nikarudi nyuma, nikaipanda upya, ikashika.

"Hiyo hiyo!" Gitla akapiga kelele. "Ichelewe, lakini ije!" Akacheza peke yake, mikono kiunoni. Wengine wakaingia. Walishikana mikono, duara likazunguka na kuzunguka. Mimi mikono yangu imeshika klarineti. Mwanamuziki hashikwi mkono.

Nikamwona Lajb mlango wa jikoni, aproni shingoni. Wimbo wa tatu akatoka. Nikajua ni kwa sababu yangu. Nikaumaliza wimbo, nikaomba mapumziko, nikatoka ili mtu asinione uso.

Naye alikuwa amekaa hapa ngazini.

Nikageuka nirudi. "Kaa," akasema. Nikakaa. Akauliza kama naujua wimbo ambao mama yake alikuwa akiimba akikanda mkate. Nitaujuaje, nikamwuliza, simjui mama yako.

"Hakuna mwingine aliyebaki wa kumwuliza," akasema. "Nikiusahau mimi, umekwisha. Nitauimba. Wewe uandike."

Akafungua mdomo, akafunga. Akafungua tena. Noti moja. Mbili. Tatu. Sauti kama mlango mbovu. Nimechora mistari ya noti hapa chini ya ukurasa, nimeziweka zote tatu. Ya nne aliimba, akaikana. Si hiyo. Inapanda. Hapana, haipandi. "Subiri," anasema. "Subiri, bwana, usiondoke."

Ndani wananiita. Gitla anauliza kwa sauti kama nimekufa au nimelala.

Lajb amefumba macho. Midomo inatembea bila sauti. Kashika mkono wa koti langu, hajui kama kaushika. Naandika haya ili asidhani namharakisha. Kalamu inaisubiri noti ya nne, iko tayari kwenye mstari wa pili, au labda wa tatu —